Binti wa Fundi ni Mzito

Karakana, nyuma ya duka la rangi
Jumamosi, 2 Machi

Mjomba shikamoo,

Kabla hujauliza: vidole vyangu vyote ninavyo, asubuhi mama kavikagua. Na ile kamusi uliyoniletea naitumia kila siku. Nimeiweka chini ya spika ili isiyumbe. Ni kitabu kizuri sana, kinene, kimenyooka pande zote.

Nakuandikia kwa kuwa huko kwenu korongoni simu haishiki, na jambo hili nikimweleza mama ananiwekea kiganja kwenye paji la uso kupima homa. Kwa hiyo barua inapanda gari la vyakula pamoja na vitunguu vyenu. Kaa chini ndipo usome.

Mwezi uliopita alikuja fundi umeme kututengenezea randa kubwa, akasahau flashi yake mezani. Mimi si mwizi. Niliichomeka kwenye redio ya karakana ili nimjue mwenyewe. Bosi alikuwa ametoka kwenda kupima madirisha ya mteja, mimi nina sahani yangu mkononi. Nikabonyeza.

Kwanza hakikuja kitu. Halafu likaja gitaa, chini, chini kabisa, chini ya pale ambapo gitaa linaruhusiwa kufika. Mpigaji kapiga mara moja, kaacha. Mjomba, kaacha tu. Nikajua flashi imekufa. Nanyoosha mkono niichomoe, naona unga wa mbao juu ya meza unatembea. Upepo hakuna. Unga ukajikusanya wenyewe, ukajipanga mistari, mistari ikajikunja kama alama ya dole gumba la mtu mkubwa kuliko nyumba. Likaja pigo la pili. Mchoro ukavunjika, ukazaliwa mwingine. Nilibaki na tonge mdomoni mpaka wimbo ulipokwisha, na wimbo wenyewe ni mrefu kama foleni ya hospitali.

Unanijua. Nimesoma mpaka darasa ambalo walimu waliniomba nikapumzike nyumbani. Sijawahi kunyamaza kwa muda ule kwa ajili ya mtu, wala mwalimu, wala msiba. Siku ile nilinyamaza.

Fundi umeme aliporudi kuchukua mali yake akanifundisha majina ya muziki wa aina ile. Kuna wa kwanza unaitwa dumu. Si dumu la maji, mjomba, tuliza moyo. Mimi nasema ni dumu la kudumu, maana pigo moja likishatoka halina haraka ya kwenda kwao. Wa pili ni stona. Watu husema ni wa wavuta bangi; mimi mapafu yangu nayaheshimu, navuta vumbi la mbao tu, na bado unanishika. Unakwenda kama trekta linalopanda mlima na halina mpango wa kushuka. Wa tatu ni saikedeliki, huo una rangi: gitaa linateleza kama mafuta ya gari juu ya dimbwi, unaona zambarau umefumba macho. Yote mitatu jina la ukoo ni moja: muziki mzito.

Sasa mimi nina besi yangu. Niliiunda mwenyewe kutokana na ule mlango niliokosea vipimo, ambao bosi alisema nitaukumbuka maisha yangu yote. Ninaukumbuka, naupiga. Shingo ya mninga, nyuzi nne, sauti ya kutisha. Katika mtaa huu hakuna mwenye besi kama yangu. Hakuna mwenye besi, kwa hiyo sisemi uongo.

Wala siko peke yangu. Nina mwenzangu wa dramu, na jina lake nalificha kwanza kwa sababu ana baba mkali. Dramu zenyewe ziliachwa stoo na mteja aliyetaka kutengenezewa jukwaa, akahama mji. Bendi yetu inaitwa Lami.

Kinachonikosesha usingizi ni kimoja. Tuna wimbo wetu, mmoja, mrefu. Lakini stoo ni ndogo na ina bati. Sauti inatoka nzima, inagonga bati, inarudi vipande. Nataka chumba kikubwa, mara moja tu, nisikie pigo letu moja likienda mpaka linakotaka kwenda. Baada ya hapo nitatengeneza meza na viti mpaka nizeeke, sitalalamika.

Mpwa wako,
Radi (ndivyo naitwa sasa, mwambie na yule mlinzi wenu wa bwawa)

*

Bwawani, chumba cha zamu
Alhamisi, 14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka vitunguu. Nilipofika kwenye madumu nilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nikamwambia sasa unaitwa Radi. Akauliza, radi ya kupiga au ya kupigwa.

Nyimbo za ujana wetu zilikuwa na maneno, zilikuwa na kiuno, na ziliisha kabla chai haijapoa. Hizo zako za mtu kupiga mara moja akaacha, hata mimi naweza, na sijajifunza.

Ukurasa wako wa mwisho sikuusoma wote, na kosa si langu. Nilikuwa nimeutandaza mezani, kikombe pembeni, wakawasha mtambo wa pili wa kufua umeme kule chini. Mtambo ule ukianza, sakafu inanguruma kabla sikio halijasikia kitu, na chai kikombeni inafanya miduara. Miduara hiyo naiona tangu wewe hujazaliwa. Sikuwahi kuitazama. Safari hii niliitazama kwa sababu ya unga wako wa mbao, na kweli ilikuwa imejipanga, mmoja ndani ya mwingine, myembamba kama imechorwa na sonara. Nikasahau kushika kikombe. Kikatembea chenyewe mpaka ukingoni, kikamwagika juu ya maneno yako. Nilichookoa ni "mwenzangu", na "jina lake nalificha", na "baba mkali". Andika tena hapo.

Na uitoe kamusi chini ya spika.

Mjomba wako

*

Karakana
Jumamosi, 23 Machi

Mjomba shikamoo,

Hebu isome barua yako mwenyewe. "Sakafu inanguruma kabla sikio halijasikia." Nimemsomea mwenzangu, tukatazamana. Mjomba, wewe umekaa miaka yote hiyo ndani ya besi kubwa kuliko zote, kazi yako kuokoa chai. Watu wa kwenye flashi wangekuja kwa miguu kusikia hicho unachokilalia. Nakuheshimu upya, na nilikuwa nimeanza kupunguza.

Haya, yule mwenzangu aliyemezwa na chai, mwenye baba mkali. Ni Msumari, binti wa bosi wangu, yule anayepaka vanishi. Ni mtu mzima, kanizidi miaka miwili na kila siku ananikumbusha. Jina alipewa na baba yake, kwa sababu akishaingia mahali hatoki bila koleo.

Sasa shika kikombe chako. Msumari ni mzito. Mzito hasa, si wa kubahatisha. Na sijisifu, lakini mimi ndiye niliyemfanya awe mzito. Mwanzoni alikuwa mwepesi, haraka haraka, kama anayekimbia mvua. Nikamwambia taratibu, nani anatufukuza. Tulikuwa tunakutana stoo ya mbao baba yake akienda kupima madirisha. Siku moja tu ikatokea. Nilimwona usoni kwamba na yeye kajua. Tulikaa chini.

Siku hizi ananizidi. Hata akitembea uani unaona kwamba huyu si yule. Baba yake haoni, kazi yake kupima fremu za watu. Wakati mwingine namtazama naogopa, mjomba. Naona kitu nilichokianzisha kwa mchezo kitakuwa kikubwa kuliko mimi.

Nishauri wewe mtu mzima. Tumwambie baba yake sasa, au tungoje mpaka kila mtu asikie mwenyewe?

Mpwa wako mwenye furaha,
Radi

*

Bwawani
Alhamisi, 4 Aprili

Kwa ndugu fundi seremala,

Hatujawahi kuonana. Mimi ni mjomba wa kijana anayefanya kazi kwako, yule mwenye maneno mengi. Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaandika tena.

Kijana ameniandikia kwa mkono wake kwamba binti yako ni mzito na kwamba yeye ndiye mhusika. Sikuona aibu katika maneno yake. Kusema kweli alikuwa anajisifu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hana habari.

Ndugu yangu, ukoo wetu una kasoro zake lakini hautupi mtu njiani. Kijana atasimama mbele yako, atabeba lililo lake, na mimi nitasimama nyuma yake asipate pa kukimbilia. Ninachokuomba ni kimoja: binti usimfokee. Hasira zako zote ziandike kwenye karatasi unitumie mimi.

Kwa unyenyekevu,
Fundi mitambo wa bwawani

*

Karakana
Alhamisi, 11 Aprili

Bwana,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Mpwa wako nimemtoa hapa leo asubuhi. Sikumpiga. Nilikuwa na patasi mkononi, nikaiweka chini kwanza, ndipo nikamwonyesha lango. Kila alipofungua mdomo nilimwambia afunge.

Binti yangu nilimwuliza neno moja tu: "Ni kweli wewe ni mzito?" Akatazama chini, akasema, "Baba, nani kakwambia?"

Asiye na kosa haulizi nani kakwambia. Kesho mama yake anampeleka kwa mkunga. Kitakachofuata nitakiamua mimi.

Fundi seremala

*

Nyumbani, chumba cha uani
Jumatatu, 15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo nitakupa mwisho wa barua, kama nitakuwa bado ninayo.

Soma polepole. Muziki. Muziki mzito. Dramu. Msumari anapiga dramu. Anapiga kwa uzito. Ni mpiga dramu mzito. Mkunga kampima, kamwambia mama yake kwamba binti ana mkono kama wa mpasua magogo, na zaidi ya hapo hana kitu, warudi nyumbani wakale.

Nimetoa kamusi chini ya spika kama ulivyoagiza, nikatafuta neno. Inasema mzito ni asiye mwepesi. Halafu inasema ni wa kushika, kama uji. Halafu inasema ni mtu asiyeelewa upesi, na hapo nikakukumbuka sana. Ya mwisho kabisa ndiyo yako. Maana zote hizo, mjomba, ukaenda kuokota ya mwisho.

Mama alinikalisha kwenye kigoda akaniuliza mtoto tutamwita nani.

Nilifikiri fundi akishajua ukweli atacheka. Nilimwendea langoni na Msumari akaeleza yote, stoo, dramu, saa za madirisha. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mmenizunguka miezi yote hii kwa ajili ya kelele." Msumari akajibu, "Siyo kelele, baba." Akasema, "Mimba ningeielewa. Mimba ina sababu." Akaingia ndani.

Sasa kafunga stoo kwa kufuli. Dramu kazipa mnunuzi wa vyuma chakavu, atakuja kuzichukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na besi yangu, mjomba. Alisema, "Huu ni mlango wangu." Akang'oa nyuzi, akautia bawaba mbili, akaufunga kwenye banda la kuku. Na umekaa vizuri, ndicho kinachoniuma, safari hii vipimo vimelingana. Jogoo anachungulia pale kwenye tundu la nyaya, ananitazama.

Nimezoea kukuandikia nikicheka. Leo sina cha kuchekea. Kazi nitapata nyingine, mikono ninayo. Ila ule wimbo tuliutengeneza wawili, na Msumari akiacha sitapata mwingine, kwa sababu wengine wote wanapiga, na yeye anajua kuacha. Hatujawahi kuusikia mzima hata siku moja. Tumeusikia vipande, kwenye bati.

Shikamoo. Ipokee, ni ya mwisho iliyobaki.

Mpwa wako

(Radi nimempumzisha)

*

Uani kwa fundi
Jumatano, 17 Aprili

Shikamoo mjomba,

Mimi ndiye mzito.

Hunijui, na barua hii anakuletea dereva wa gari la vyakula kwa sababu mpwa wako kamhonga kwa utani. Usimkasirikie. Barua zako ananisomea tangu ya kwanza, ile ya kikombe tumeikariri.

Baba anadhani nilimficha kwa sababu ni jambo baya. Nilimficha kwa sababu ni langu. Nimekulia kwenye sauti za karakana, msumeno, randa, nyundo, zote zina haraka ya kumaliza kazi ya mtu. Siku ya kwanza nilipokaa kwenye dramu nilipiga hivyo hivyo, kama naunga kabati. Mpwa wako akasema, ngoja. Nikangoja. Nikapiga nikangoja tena, na katika kule kungoja kukaja kitu chumbani, mjomba, kikubwa, kikakaa kati yetu. Vanishi ilitetemeka koponi. Niliogopa, na nilitaka kisiondoke. Sijawahi kukiona tena mahali popote, isipokuwa nikipiga.

Baba si mtu mbaya. Hajasikia, basi. Tulipiga kila alipotoka, tukanyamaza kila aliporudi. Anakataa kitu ambacho hajawahi kukisikia hata kwa bahati mbaya.

Wewe ndiye uliyemwandikia kwanza. Naomba umwandikie tena.

Wako,
Msumari

*

Bwawani
Jumatatu, 22 Aprili

Kwa ndugu fundi seremala,

Nilikosea. Mpwa wangu aliandika neno moja, mimi nikasoma jingine, na nyumba yako ikaingia fedheha mbele ya mkunga. Sina pa kujificha. Hata hapa mlinzi keshajua, ananiita babu.

Sikuandikii kukuomba msamaha tu. Kuna kazi. Ukumbi wa mitambo una milango miwili mikubwa ya mbao iliyovimba kwa unyevu. Haifungi, inabembea, na mafundi wa hapa wanajua chuma tu. Tarehe nne ya mwezi ujao mitambo yote inazimwa kwa matengenezo. Ndiyo siku pekee ya mwaka ukumbi huu unakaa kimya. Ni zege tupu kutoka mwamba hadi mwamba, mtu akikohoa mlangoni, anayekaa mwisho anamwambia pole.

Njoo utengeneze milango. Na nakuomba umzuie yule wa vyuma chakavu wiki moja, uje na binti, na dramu zake, na mpwa wangu, na mlango wa banda la kuku. Wapige wimbo wao mara moja, ukiwepo. Ukishasikia ukasema hapana, mimi mwenyewe nitamwandikia kijana kwamba hapana hiyo ni yangu pia.

Ninakuandikia haya kwa sababu ya kikombe cha chai. Nimekaa juu ya mtambo huu ujana wangu wote, nikaona kutetemeka kwake ni kero. Yule mtoto aliniandikia habari ya unga wa mbao, nikatazama chini. Tangu siku hiyo nikiwa zamu naweka kikombe mezani, sinywi.

Fundi mitambo

*

Karakana
Alhamisi, 25 Aprili

Nitakuja kwa ajili ya milango. Nitumie kimo, upana na unene.

Fundi seremala

*

Karakana
Jumamosi, 18 Mei

Mjomba shikamoo,

Umeona nimeandika karakana hapo juu. Ngoja, usinikimbize.

Nimechelewa kwa sababu nimejaribu kuandika barua hii mara nyingi na kila mara naishia kwenye shikamoo. Mama anauliza kama naumwa. Mimi niliyekuandikia kurasa tatu kuhusu unga wa mbao.

Ulikuwepo, najua, ila ulikuwa juu kwenye swichi zako umetupa mgongo. Nitakuandikia ulichokosa kuona.

Kwenye gari la vyakula fundi alikaa katikati, sanduku la vifaa magotini, mimi huku, Msumari kule. Nilimtania dereva mara moja, fundi akageuza shingo, nikaona bora nitazame vitunguu. Tulipofika aliingia kwenye milango yako kama hatupo. Alipima, akapiga randa, akapima tena, maranda yakajaa sakafuni. Mimi natia nyuzi kwenye mlango wa kuku, nachomeka spika. Akasema bila kugeuka, "Haya. Mmoja. Nikimaliza bawaba hii nataka mmemaliza."

Msumari akainua mkono. Akapiga.

Mjomba, wewe unapajua mahali pale, mimi sikuwa napajua. Pigo lilitoka, likaenda. Nililisikia likitembea, naapa, likipita kwenye mitambo iliyolala, likapanda ukuta wa mwisho, likageuka, likarudi limekua. Na yeye kashikilia kijiti juu, hapigi, anangoja. Nilisahau kuingia. Wimbo ni wangu na nilisahau. Alinitazama ndipo nikagusa uzi, na sauti iliyotoka haikuwa ya mlango wala ya besi wala yangu. Nilitaka kuomba radhi, sijui kwa nani.

Fundi alikuwa amepiga goti, parafujo mdomoni. Parafujo ikadondoka. Hakuiokota. Alikuwa anatazama chini. Unga alioutoa yeye mwenyewe kwa randa ulikuwa unatembea kuzunguka goti lake, unajipanga, duara, mistari, alama za dole gumba. Akainua kiganja, nikajua anatusimamisha, nikawa tayari kuacha. Hakutusimamisha. Aliweka kiganja kwenye ubao wa mlango, hivi, kama mtu anayesikiliza tumbo la mkewe. Akakaa hivyo.

Halafu wewe ukawasha mtambo. Sijui kama ulikusudia au muda ulikuwa umefika, na usiniambie. Sakafu ilianza kabla ya sikio, kama ulivyoandika. Sauti yetu ilikuwa juu kidogo ya yako, zikawa zinagombana, naisikia kifuani inagonga, gonga, gonga. Nikalegeza uzi mnene kidogo kidogo. Kugonga kukapungua, kukawa kama pumzi ya mtu aliyelala. Kisha hakukuwa na mbili tena. Hapo mjomba sielewi nani alikuwa anapiga. Niliondoa mikono kwenye nyuzi na bado naisikia, na Msumari kafumba macho, anapiga pigo moja moja ndani ya kile kitu, kama anakigongea mlango na kinamfungulia. Machozi yalinitoka. Haya, nimeandika. Mwambie mlinzi radi ilikuwa ya kupigwa.

Kurudi, tukaiacha njia ya korongo. Fundi akamwuliza binti yake, "Pale katikati unapoinua mkono. Unangoja nini?"

Msumari akasema, "Nangoja lile la kwanza liishe."

Fundi akafikiri. Akasema, "Lakini haliishi."

"Ndiyo, baba."

Basi, tukafika nyumbani. Sikuachishwa tena kazi, wala sikurudishwa. Jumatatu nilikwenda nikafagia, akanipa msasa. Mnunuzi wa vyuma alikuja akaambiwa akatafute vyuma kwingine. Kuku wametengenezewa mlango mpya wa paneli, bora kuliko wa nyumbani kwetu. Na stoo ameing'oa bati. Anaweka dari ya mbao, ameipiga randa mwenyewe, hataki nimsaidie, anasema vipimo vyangu anavijua.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni cha leo. Kaja yule mama mwenye duka la rangi, anachukua stuli zake. Nadhani ile habari ya mkunga ilikuwa imemfikia, maana aliuliza kwa sauti ya chini, huku ananitazama mimi kwa pembe ya jicho: "Na binti yako, fundi, hajambo?"

Fundi hakuinua kichwa kwenye randa. Akasema, "Ni mzito."

Mimi nikashika meza. Msumari kule kwenye vanishi kageukia ukuta, mabega yanacheka.

Mama wa watu akakunja mikono kifuani. "Jamani, hongera. Basi atajifungua lini?"

Fundi akapuliza unga kwenye ubao, akautazama ulivyotua, akasema, "Jumamosi ijayo, saa kumi jioni, pale stoo. Njoo usikie mwenyewe."

Mpwa wako,
Radi